Macho ya Bwana Kombo

Kilindoni, Jumapili, 3 Machi 1974

Leo ni mwaka na miezi saba tangu nitoke kwetu Tunduru. Nilimwambia mama nakwenda kutafuta, msimu mmoja ukipita nitarudi. Imepita miwili, na huu wa tatu umeanza na mvua.

Kazi yangu ni uwanja wa ndege. Nafyeka majani, nafukuza ng'ombe, nawaambia wanawake waondoe dagaa waliowaanika juu ya kokoto pale ndege inapotua. Wananijibu, "Mbara, hiyo ndege ina haraka gani?" Hapa kisiwani mtu wa bara huitwa Mbara, basi. Jina langu ni Ausi. Wanaolitumia ni wawili tu. Mmoja ni Bi Biubwa, anayeuza uji na vitumbua kando ya mapipa ya mafuta. Wa pili ni Bwana Kombo.

Bwana Kombo ni meneja wa shamba la minazi la shirika. Shamba lilipotaifishwa mwenye mali aliondoka akaacha ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, na Bwana Kombo akaenda Dar kujifunza kuirusha. Kwenye mikutano anataka aitwe Ndugu. Mbele ya ndege ukimwita Ndugu hageuki.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimefyeka nikiwa nimelowa.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimepanda ndege. Naandika jinsi ilivyokuwa.

Leseni aliyonayo Bwana Kombo ni ya kuruka akiona ardhi. Mawingu yakishuka haruhusiwi kuondoka, na masika hapa mawingu hushuka mpaka kwenye makuti, kisiwa kinafungwa. Kwa hiyo anasomea leseni nyingine, ya kuruka kwa kufuata saa. Saa ndivyo tunavyoviita vile vioo vya duara vilivyopangwa mbele yake. Kimoja kinasema uko juu kiasi gani, kimoja unaelekea wapi, kimoja kama mabawa yamelala au yamesimama sawa. Ili ajizoeze, anavaa kofia nyeusi yenye ukingo mrefu, akiivaa haoni nje hata kidogo, anaziona saa tu. Basi lazima pembeni yake akae mtu wa kutazama nje, wasije wakagongana na ndege nyingine au na mlima.

Mtu huyo anatakiwa awe rubani. Hapa marubani hawapo. Amewaomba karani wa bandari na fundi wa trekta, wote wamekataa. Fundi alisema hapandi na kipofu wa kujitakia. Ndipo akanijia mimi.

"Ausi, macho yako mazima?"

"Mazima, Bwana."

"Panda."

Bi Biubwa alipomwona amevaa kofia ile alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Jamani, Bwana Kombo kavaa ukaya wa bi harusi! Nani anamwoa?"

Huko juu niliogopa, sitasema uongo. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Yeye aliinama kwenye saa zake kama mtu anayetafuta chawa. Tulipita kisiwa cha Jibondo, nikaona mashua ya kupeleka maji ya kunywa inavuka, ndogo kama kokwa. Mara nikaona pua ya ndege inashuka na bahari inapanda. Nilitaka kusema. Lakini mtu mzima, tena bosi wangu, namwambiaje kuwa anakosea? Nilikohoa. Nikakohoa tena. Nikasema, "Bwana, samahani, kama nafasi ipo…"

Alivua kofia, akaona bahari, akavuta usukani.

Tuliposhuka alinitukana kutoka mlangoni mpaka kibandani. "Ukiona tunakufa, unabisha hodi kwanza?"

Nimejibu ndiyo, nisamehe. Moyoni nimesema, mwaka na nusu unanifundisha nisifumbue mdomo mbele yako, leo unataka nifumbue kwa ghafla.

Alhamisi, 14 Machi

Barua ya shemeji imefika. Kijiji chetu kinahamishwa. Watu wote wa bondeni wanatakiwa waende barabarani, karibu na Nakapanya, kwenye kijiji cha ujamaa, wawe wametoka kabla ya mwisho wa Mei. Wanaotangulia wanapewa viwanja vya karibu na kisima. Mama anauliza afanye nini.

Mama yuko peke yake. Baba amekufa, mimi ndiye mwanamume wa nyumba ile. Nyumba ina bati. Bati zile ni jasho langu la mkonge Lindi kabla sijaja huku, na hakuna nyingine yenye bati bondeni kwetu. Zikivuliwa na watu wengine nusu zitapotea njiani, nawajua.

Nimejibu hivi: Mama asitoke. Anisubiri, nitakuja kuzivua mwenyewe.

Jumatatu, 18 Machi

Nimezunguka kuuliza njia. Barabara ya kusini imekatika, Rufiji imefurika, mabasi hayapiti mpaka Juni. Hata nikivuka bahari nitaozea upande wa pili.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemweleza Bwana Kombo habari ya mama. Tulikuwa tumekaa chini ya bawa, mvua inapiga. Akasema mwezi wa Mei tarehe kumi na moja kuna mkutano wa wakulima wa korosho na minazi Masasi. Atakwenda kwa ndege. Akiwa amepata leseni, mvua isiwe mvua.

"Nikipita, kiti cha pili chako. Masasi mpaka kwenu mbali?"

"Nitatembea, Bwana."

"Basi nifanye nipite. Na wewe uache kukohoa. Sema."

Tangu leo nasema. Nasema "Kushoto!", "Panda!", "Ndege mbele!", na yeye anajibu "Vema" tu. Mtu asiyetujua atadhani mimi ndiye bosi. Tukishuka chini nachukua fyekeo.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Tumeruka. Hamna la kusema.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua. Tumeruka. Dagaa wa watu wameoza, wananilaumu mimi.

Jumamosi, 6 Aprili

Jana ilisomwa Maulidi. Nilialikwa na Bi Biubwa, nikala pilau na watu waliokuwa wananiuliza kama kwetu kuna misikiti. Kuna misikiti kabla baba zao hawajatahiriwa, lakini nilikuwa mgeni, nikala.

Nilimkuta Mize pale, binti yake Bi Biubwa. Ameolewa Ndagoni na ana mimba kubwa ya kwanza. Mumewe, Shaabani, yuko dagoni, kwenye kambi ya wavuvi kule visiwani, na hurudi bamvua la maji makubwa likipita. Bi Biubwa alitaka bintiye ajifungulie Kilindoni kwenye hospitali. Mize akasema, "Mama, sijaruhusiwa. Nimepewa siku tatu za Maulidi."

"Si umwambie mumeo?"

"Nimwambie vipi, nipige mbinja?"

Watu walicheka. Leo asubuhi karudi kwake.

Jumatano, 10 Aprili

Mwalimu wa Bwana Kombo amekuja kutoka Dar, anaitwa Kapteni Iddi. Mtu mfupi, maneno machache, meno ya tumbaku. Aliponikuta kwenye kiti cha mbele alisema, "Huyu si rubani." Bwana Kombo akasema, "Ana macho." Kapteni akasema huo si utaratibu na hataki kuuona tena. Halafu akanihurumia, akaniweka kiti cha nyuma wakati wa somo.

Juu aliniambia nifumbe macho, niinamishe kichwa magotini. Ndege ikaenda, ikaenda.

"Sasa tunageukia wapi?"

Nikasikia waziwazi tunapinda kulia. Mwili wote ulisema kulia. Nikasema kulia.

"Fumbua."

Tulikuwa tunapinda kushoto, bawa linaelekea majini.

Kapteni hakucheka. Alisema kwenye wingu mwili ni mwongo, tena mwongo mwenye kiapo. Rubani anayeusikiliza hufa, na anaokufa nao humfuata wakimwamini. Ndiyo maana ya zile saa. Alimwambia Bwana Kombo, "Utakaposikia kwa mifupa yako kwamba saa zimeharibika, ujue ndiyo siku ya kuzishika."

Jumatano, 17 Aprili

Kapteni ameondoka, na Bwana Kombo ameniweka tena mbele.

Leo hatukuhitaji kofia. Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Jibondo, wingu likatushukia ghafla, likatufunika. Kioo kikawa cheupe kama umezamishwa kwenye uji. Macho yangu, ambayo ndiyo kazi yangu, hayakuwa na kazi.

Nilisikia tunapinduka. Siandiki kwa mapambo, nilisikia kabisa ndege inalala ubavu na miguu yangu inapanda. Nikapiga kelele, "Tunapinduka, Bwana! Inua! Inua!" Nikamshika mkono ulioshika usukani. Akanipiga kiwiko cha mdomo, damu ikatoka, na hakuondoa macho kwenye saa. Nikaanza kusoma shahada.

Alikuwa anazungumza peke yake kwa sauti ndogo. "Mabawa sawa. Kimo sawa. Mabawa sawa. Kimo sawa." Kama mtu anayembembeleza mtoto. Jasho lilikuwa likimdondoka puani wala hakulifuta.

Tulitoka chini ya wingu. Bahari ilikuwa chini, mbingu juu, ndege imenyooka kama meza. Kilindoni ilikuwa mbele yetu pale pale aliposema itakuwepo.

Tuliposhuka alikwenda nyuma ya kibanda, nikamsikia anatapika. Aliporudi aliangalia mdomo wangu.

"Umeumia?"

"Ningetuua, Bwana."

"Na mimi nilisikia kama wewe," akasema. "Nilisikia tunapinduka. Nilitaka sana kukuamini."

Nimemdharau mtu huyu tangu nije, kwa shati lake jeupe na Ndugu yake ya mikutanoni. Leo siwezi. Aliogopa kuliko mimi, na hakufanya nilivyofanya mimi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Mdomo umepona.

Jumapili, 28 Aprili

Barua ya shemeji. Watu wa bondeni karibu wote wamehama. Jirani zetu wa kulia na kushoto wamebomoa, wameondoka na miti yao. Viwanja vya kisimani vimekwisha. Mama yupo. Wakimwambia twende anasema mwanangu amesema nimsubiri. Fisi sasa wanapita uani.

Nimemjibu: siku kumi na tatu tu, nakuja kwa ndege. Sijui kama barua hiyo itafika kabla yangu.

Alhamisi, 2 Mei

Bwana Kombo amepita! Alifanyiwa mtihani Dar. Amerudi na soda kreti nzima, akawapa watu wa uwanja. Aliponipa yangu alisema, "Haya, macho." Nilikunywa nikiwa na furaha ambayo sijaipata kisiwa hiki.

Ijumaa, 10 Mei

Bwana Kombo amekwenda Dar asubuhi kupigiwa muhuri leseni yake, amerudi alasiri. Viti vitatu vitupu kwenda na vitatu kurudi. Kesho ni Masasi. Nimefunga mzigo wangu. Spana ya kuvulia bati nimeazima.

Bi Biubwa leo hakuuza uji. Wanasema yuko Ndagoni.

Jumamosi, 11 Mei

Tulikuwa tumekwisha kaa. Mkanda nimefunga. Mvua ilikuwa nyembamba, mawingu chini, Bwana Kombo amewasha injini. Nikaona trekta la shamba linakuja mbio juu ya kokoto na tela nyuma, na mtu amesimama juu ya tela anapunga kanga.

Alikuwa Bi Biubwa. Kwenye tela kulikuwa na kitanda cha kamba, na juu ya kitanda Mize, amefunikwa turubai. Walikuwa wametoka hospitali. Mganga wa pale amesema mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe, na kazi hiyo hufanywa Dar.

Bwana Kombo akazima injini.

"Uchungu tangu lini?"

"Tangu juzi usiku," akasema Bi Biubwa.

"Juzi?"

"Mkunga alisema aletwe jana asubuhi. Wakwe wakasema mke wa mtu hatoki kijijini bila ruhusa ya mumewe. Mashua ikapelekwa dagoni kumtafuta Shaabani. Kafika usiku, kasema mpelekeni, alfajiri tukaondoka."

Nilishuka. Sijui nani alinishusha, miguu ilikwenda yenyewe. Nikamwambia Bi Biubwa, "Jana ndege hii imekwenda Dar tupu! Tupu, Bi Biubwa! Imekwenda na kurudi haina mtu!"

"Najua, mwanangu."

"Unajua nini? Mimi nina mama!"

"Mke wa mtu si mzigo wa nazi kwamba nichukue nitakapo," akasema. "Ningemchukua kwa nguvu, akafa njiani, ningesema nini kwa wenyewe?" Halafu akaanza kulia, na mimi nikamchukia kwa kulia.

Mize alikuwa ameng'ata upindo wa kanga. Alinitazama, nikatazama pembeni.

Bwana Kombo alisimama kati yetu na karatasi zake za Masasi mkononi. Nitaandika kweli. Nilimwomba Mungu aseme siwezi. Aseme nina mkutano, nina mwaliko, mimi ni mtu wa serikali. Wakubwa husema hivyo kila siku, kwa nini yeye asiseme leo? Na nilitamani trekta lile lingepasuka gurudumu njiani. Dakika chache tu zingetosha.

Akasema, "Ausi, kitanda hakiingii mpaka viti vya upande wako vitoke."

"Bwana, na Masasi?"

"Masasi hakuna. Mpaka nifike Dar na kurudi, mkutano umekwisha."

"Kesho, je?"

"Baada ya leo ndege inakwenda kwenye matengenezo. Leo ndiyo ilikuwa siku. Toa viti."

Nilikuwa na spana ya bati mfukoni. Nikaingia, nikalala kifudifudi, nikafungua bolti za kiti changu. Mkono wangu mwenyewe. Kile cha nyuma kilikuwa na kutu, nikapata tabu nacho, na hakuna aliyenisaidia. Tukaingiza kitanda, miguu ya Mize ikafika karibu na usukani. Bi Biubwa akajikunyata pembeni. Mzigo wangu nikauteremsha.

Kabla hajafunga mlango Bwana Kombo aliniambia, "Ningekuwa na njia nyingine ningekupa."

"Vema," nikasema. Ndilo neno alilozoea kunijibu yeye.

Ndege iliingia kwenye wingu kabla haijamaliza minazi. Mlio ulikwenda sawasawa, bila kutetereka, mpaka ukaisha. Nilijua mle ndani anasema nini. Wanawake waliokuwa na dagaa walisema mashallah. Mimi nilibaki na viti viwili kwenye kokoto, vinalowa, nikakaa kwenye kimoja.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kazini.

Jumatano, 15 Mei

Bi Biubwa amerudi kwa mashua. Mize mzima. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni, wa kiume. Amesema daktari kawaambia wangefika siku moja mapema mtoto angepona.

Nilikwenda kumpa pole. Nilikuwa nimejitayarisha kusema pole na kuondoka. Alinitengea uji.

"Shaabani analia kama mwanamke," akasema. "Anasema, kwani mimi ningekataa? Nani alimwambia anisubiri? Nikamwambia, ni wewe, baba. Siku unaondoka ulisema asitoke mpaka urudi. Umesahau wewe, yeye hakusahau."

Niliweka bakuli chini. Bi Biubwa alidhani namwonea huruma Shaabani.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja posta. Nikamwambia karani anipelekee simu ya maandishi, kwa shemeji. Akauliza maneno gani. Nikasema: MAMA AHAME LEO ASINISUBIRI BATI ZIACHWE.

Karani akasema, "Bati ziachwe?"

"Ziachwe," nikasema. "Andika."

Alhamisi, 16 Mei

Mvua.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua. Bwana Kombo yuko Dar bado. Wanasema shirika limefurahi kupata rubani wa masika, sasa wanamtaka hapa na pale. Leseni tuliyoitafuta pamoja inamchukua yeye kwenda kwingine. Kisiwa kimebaki na viti viwili.

Jumatano, 22 Mei

Jibu limekuja kwa simu. Shemeji na mjumbe walikwenda bondeni, wakamsomea mama maneno yangu. Mama amekataa. Amesema mwanawe alimwambia asubiri, na maneno hayo aliyaandika kwa mkono wake anaoujua. Hii karatasi imepigwa na mashine, haina mkono wala sauti ya mtu. Amesema Ausi hawezi kuacha bati, kwa hiyo aliyetuma si Ausi.

Ananijua. Hilo ndilo linaloniuma.

Bondeni sasa amebaki yeye tu. Wamemwachia unga.

Ijumaa, 24 Mei

Bwana Kombo amerudi leo kuchukua nguo zake, amehamishiwa Dar. Nilimkuta ofisini anafunga sanduku. Nikamweleza jibu la mama. Aliacha kufunga.

"Barabara ikifunguliwa utaomba likizo," akasema. "Nitakuandikia kwa meneja mpya. Ngoja nimwone Jumatatu."

"Mashua ya Nyamisati inaondoka kesho, Bwana."

"Mto bado umejaa."

"Najua."

"Ukiondoka bila ruhusa kazi huikuti. Ngoja Jumatatu, Ausi. Siku mbili tu."

"Sikuja kuomba, Bwana. Nimekuja kuaga."

Alinitazama sana. Aliinuka akanipa mkono, na sikumbuki kama amewahi kunipa mkono. Akasema nimfikishie mama shikamoo yake.

Nimerudisha fyekeo ghalani. Spana nimempa mwenyewe. Kesho navuka. Rufiji nitaingojea ukingoni ishuke, na pasipo gari nitatembea. Nikijaliwa nitafika bondeni kwetu katikati ya Juni, nimwambie mama kwa mdomo wangu atoke.